Maziwa Siku Saba

Watu wa huku magharibi mwa Mlima Meru wananiita Bwana Mifugo. Mimi ni mwanamke, nina watoto watatu na kiuno kinachonisumbua kila mvua zikianza, lakini cheo hicho nilikikuta na hakuna aliyejishughulisha kukibadilisha. Wenye adabu zaidi husema Mama Mifugo. Jina langu ni Agnela. Kwetu ni Kilimanjaro, nimepanga nyumba Sekei, na kila asubuhi napanda pikipiki ya serikali kwenda kwenye kata yangu kutibu ng'ombe wa watu. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba mimi si nesi wala mkunga. Nilisomea mifugo Tengeru, na mimba ninazozijua vizuri ni za miguu minne.

Nayasema pia kwa sababu nina hasira, na mtu mwenye hasira afadhali ajitambulishe kabla hajaanza kusema watu.

Jumatano ile Lesian alinipigia simu saa moja asubuhi. Lesian ni kijana wa miaka ishirini na minane hivi, na ndiye mfugaji makini kuliko wote katika kata yangu. Hamwagi dawa, haruki dozi, hasubiri mnyama aanguke ndipo akumbuke kuwa kuna afisa mifugo. Nilikuwa nikimsifu hadharani mpaka wenzake wakaanza kumtania kuwa ni mtoto wangu wa kambo. Mtamba wake alikuwa amezaa usiku na kondo la nyuma limegoma kutoka. Nilifika bomani saa tatu, nikavaa glavu ndefu, nikafanya kazi yangu, nikamdunga mtamba sindano ya oksitetra, ile dawa ya kuua vijidudu ambayo kila mfugaji huku anaijua. Ndama alikuwa mzima, anatetemeka tetemeka na kutafuta chuchu.

"Lete daftari," nikamwambia Lesian.

Daftari hilo ni jambo langu mimi. Nililianzisha mwaka juzi kwenye semina niliyoifanya joshoni, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe, baada ya kuchoka na wafugaji wasiojua nani kachomwa nini lini. Kila boma daftari moja, kila ukurasa safu sita: tarehe, jina la mnyama, tatizo, dawa, kiasi, na safu ya mwisho, maziwa. Hiyo safu ya maziwa niliipigia kelele kuliko zote. Ng'ombe aliyechomwa oksitetra, maziwa yake watu wasinywe siku saba. Nililisema mara tatu, nikawauliza mmoja mmoja kama watoto wa kipaimara: siku ngapi? Saba. Siku ngapi? Saba.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika habari za mtamba nilipouona mstari wa juu yake. Mwandiko ni wa Lesian, herufi kubwa zilizokaa wima. *Jumatatu. Namelok. Chupa imepasuka kabla ya wakati. Oksitetra.* Kiasi kimeandikwa. Kurudia, Alhamisi. Maziwa, siku saba.

"Namelok ndiye yupi?" nikauliza. "Yule mwekundu mwenye pembe moja?" Ng'ombe wa huku wana majina mazuri kuliko waimbaji wa kwaya yetu, kwa hiyo sikuona ajabu.

Lesian alitazama mlango wa nyumba, kisha akatazama viatu vyake.

"Namelok ni mke wangu," akasema.

Sijui nilimwambia nini dakika ile. Mama yake, aliyekuwa ameniletea maji ya kunawa, aliweka beseni chini na kuondoka, na huyu ni mwanamke aliyezaa watoto tisa na kuzoea kelele. Nakumbuka tu nilimuuliza Lesian kama amerukwa na akili. Nilimuuliza kama mke alilipiwa mahari aje kuwekwa kwenye orodha ya ng'ombe. Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa linanichoma zaidi: mtamba kapatwa na shida usiku, asubuhi simu imepigwa; mke kapasuka chupa Jumatatu, leo Jumatano, simu iko wapi?

"Wewe ni daktari wa ng'ombe," akasema polepole. "Ningekupigiaje simu kwa ajili ya mtu?"

Nikampita, nikaingia ndani.

Namelok alikuwa amelala ubavu, amekunja kanga mbili katikati ya mapaja. Ana miaka ishirini na mbili, mwembamba, na hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza. Nilipomgusa paji la uso niliona joto. Si joto la kutisha, ila lilikuwa linaanza. Aliniambia maji yanatoka kidogo kidogo tangu Jumatatu alfajiri, hayajakoma, na uchungu haujaja. Pajani, mahali alipochomwa sindano, palikuwa pamevimba pagumu kama ngumi. Kadi ya kliniki ilikuwa chini ya mto. Nikahesabu wiki zilizoandikwa na tarehe za mahudhurio: thelathini na tano. Mtoto alibakiza zaidi ya mwezi.

"Mlikaa tu siku tatu?" nikamuuliza Lesian, ambaye alikuwa amesimama mlangoni, kichwa kimegusa fremu.

"Hatukukaa," akasema.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipoanza kutafuta mahali pengine pa kwenda.

Jumatatu hiyo hiyo, jua halijachomoza, alimpakia mkewe kwenye pikipiki ya jirani wakaenda zahanati. Nesi alimwangalia. Akasema hana uchungu, njia haijafunguka, arudi nyumbani na aje uchungu ukianza. Lesian akauliza kama hakuna dawa ya kuzuia uchafu usiingie kwa mtoto. Nesi akamuuliza kama yeye ndiye aliyesomea unesi. Basi wakarudi. Njiani Lesian akawa anafikiri, na jioni akafungua sanduku lake la dawa.

"Wewe ulitufundisha joshoni," akasema. Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mwanafunzi anayejibu swali. "Ulisema, mnyama akipasua chupa na mtoto hajatoka, mlango umebaki wazi, uchafu unapanda. Ukasema msisubiri. Leo, si kesho. Ukasema anayesubiri ni mjinga."

Nilisema hivyo, kweli kabisa. Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta wa josho, nimeshika kipaza sauti cha betri, na watu walicheka kwa namna nilivyolitamka neno mjinga.

"Lesian, hiyo ni dawa ya ng'ombe!"

"Ndiyo iliyokuwepo," akasema. "Yeye hakupewa ya kwake."

Kisha akanionyesha hesabu. Uzito wa mkewe ameutoa kwenye kadi ya kliniki, kilo hamsini na nne, akagawanya kama nilivyomfundisha kwa ndama, akachemsha sindano mpya ingawa ilikuwa imefungwa. Nimefundisha wafugaji mia mbili na zaidi kukokotoa dozi. Huyu ndiye pekee niliyewahi kumkuta hajakosea hata nukta.

Tuliazima pikapu ya mchungaji wa usharika, tukamlaza Namelok nyuma juu ya godoro, tukaenda zahanati kwanza kwa kuwa iko njiani na kwa kuwa nilikuwa na maneno ya kusema pale.

Ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Akina mama kama hamsini wamekaa kwenye mabenchi na kwenye nyasi, na nesi ni mmoja, Jackline, msichana mwenye macho yaliyochoka. Siku nyingine ningemhurumia. Nilimwita pembeni nikamwambia kuna mama wa wiki thelathini na tano, chupa imepasuka siku ya tatu leo, na ana joto.

"Namjua," akasema. "Nilimwambia arudi uchungu ukianza. Umeanza?"

"Haujaanza."

"Sasa amerudi kufanya nini?"

Mimi ni mtu wa mwili mkubwa na sauti ya kuitia ng'ombe. Nilimuuliza kama amefundishwa kuwa vijidudu navyo vinasubiri uchungu uanze. Akaniambia niende nikachanje kuku. Nikamwambia kuku wangu wakipata shida hawaambiwi warudi kesho. Akasema hapa ni zahanati, si hospitali, na maelekezo aliyopewa yeye ni kwamba mama asiye na uchungu asijaze kitanda, maana vitanda ni viwili.

Ningeweza kuendelea mpaka jioni, lakini Namelok alikuwa nyuma ya pikapu juani. Nikachukua simu nikampigia mtu ninayemfahamu kanisani kwetu, anayefanya kazi hospitali ya mjini, akaniunganisha na daktari wa zamu wodi ya wazazi, Daktari Aristides. Nikaweka sauti kubwa, simu nikampa Jackline.

"Wiki thelathini na tano," sauti ya daktari ikasema, "chupa imepasuka Jumatatu, hana uchungu. Umemwanzishia dawa gani?"

Jackline akasema hajaanzisha.

"Erithromaisini unayo hapo?"

"Ninayo, daktari. Lakini ya watoto... ya kifua."

"Ni dawa hiyo hiyo, sista. Vidonge unavyo?"

Alikuwa navyo. Kopo lilikuwa kabatini, nyuma yake, hatua mbili kutoka kitanda alicholala Namelok Jumatatu. Daktari alieleza taratibu, na mabenchi yote yalisikia. Chupa ikipasuka kabla ya wiki thelathini na saba, uchungu usubiriwe au usisubiriwe, mama anaanzishiwa kidonge cha kuzuia maambukizi, anameza kila baada ya saa sita, siku kumi au mpaka ajifungue, na anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo akaangaliwe joto na mapigo ya mtoto. Mama mzima asiye na homa anaweza hata kusubiri bila haraka. Kinachokatazwa ni kusubiri mikono mitupu. "Sasa ana joto, kwa hiyo hatusubiri tena," akasema. "Mpe cha kwanza, mlete."

Jackline akafungua kopo, akatoa kidonge. Namelok akameza. Ilimchukua nusu dakika kupewa kitu alichostahili tangu Jumatatu. Nusu dakika, na maji ya kikombe kimoja.

Halafu nikamwona nesi amechukua kadi ya kliniki na kalamu. Chini ya maneno yake ya Jumatatu, *chupa inavuja, hana uchungu, arudi uchungu ukianza*, palikuwa na nafasi ya mstari mmoja. Alikuwa ameshaandika *alishauriwa kwenda hosp*, na tarehe aliyoiweka pembeni ilikuwa ya Jumatatu.

Nilimnyang'anya kadi. Sikuomba, nilinyang'anya, na kucha yangu ikamkwaruza.

"Dada, nitafukuzwa kazi," akasema kwa sauti ndogo.

"Na huyu je?" nikamuuliza.

Sikuwa na huruma ya kumpa. Baadaye niliipata kidogo. Siku ile hapana.

Hospitalini Daktari Aristides alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, anayetembea haraka kuliko manesi wake. Alimpima Namelok, akasikiliza moyo wa mtoto, akaagiza dripu na dawa za kupitia mshipani kwa sababu ya ile homa, na akasema asubuhi ataanzishiwa uchungu. Kisha akauliza: nyumbani alipewa dawa yoyote? Mitishamba, vidonge, chochote?

Namelok akatazama dari. Lesian akatazama viatu vyake.

"Mficha uchi hazai," nikasema, nikamtajia sindano, jina lake, kiasi, siku, na ile ya kurudia.

Daktari alivua miwani. Alieleza kwanza, nampongeza kwa hilo: dawa ya jamii hiyo haipewi mjamzito, inakaa kwenye mifupa na meno ya mtoto aliye tumboni, na ile ya ng'ombe ni kali, haikutengenezwa kwa mwili wa mtu. Dozi moja huenda isilete madhara, lakini ya pili iliyopangwa kesho ingekuwa hatari juu ya hatari. Baada ya kueleza, akamgeukia Lesian.

"Mjinga wewe! Mke wako ni ng'ombe? Nakuuliza, mke wako ni ng'ombe?"

Wodi ina vitanda ishirini na kila kitanda kina ndugu. Wote waligeuka. Mama mmoja akacheka, wengine wakasonya. Lesian alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu isomwe hadi mwisho. Kisha akanitazama mimi.

Nami nikatazama dirisha.

Nilikuwa na maneno ya kila mtu siku ile. Nilitoa kadi ya kliniki, nikamsomea daktari mwandiko wa Jumatatu, nikamwonyesha ule mstari uliokatika, nikasema kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia kwamba huyu mama alifika kwenye huduma ya afya siku ile ile chupa ilipopasuka na akarudishwa. Daktari akaandika. Akasema atalifikisha wilayani. Watu wakaacha kusonya. Lakini kuhusu josho na kipaza sauti, na neno lenyewe hilo la mjinga lilikotoka, sikusema kitu. Nyani haoni kundule. Mimi nililiona kabisa, nikalifunika.

Alhamisi saa kumi alasiri Namelok alijifungua mtoto wa kike, kilo mbili na gramu mia moja, akalia mwenyewe. Mama naye homa ilishuka. Lesian alinipigia simu, na safari hii alinipigia kwa ajili ya mtu. Nilimshukuru Mungu, nikanywa soda mbili, na kusema kweli nilijisifu. Pale Sekei niliwasimulia majirani jinsi nilivyomfokea nesi na jinsi nilivyonyang'anya kadi. Nilisimulia vizuri sana. Walicheka nilipotaka wacheke.

Jumamosi mchana nilikwenda kuwaona, nimebeba mtori wa ndizi kwenye hotipoti.

Mtoto alikuwa amelegea. Siyo ule usingizi wa watoto wachanga. Alikuwa amelegea, midomo imekauka, ngozi ina umanjano. Nesi wa wodi aliniambia kabla sijamuuliza. Mama hana maziwa, akasema, hajatoa hata tone tangu ajifungue, amefundishwa, amekandwa, amenyweshwa uji, hakuna kitu. Mtoto anapewa maziwa ya kopo kwa kijiko na anayatapika. Usiku sukari yake ilishuka wakamwekea dripu. "Hawa wa bomani wanajinyima chakula mimba ikikua," akasema, "ili mtoto awe mdogo. Sasa unaona, wanakauka." Aliyasema hayo Namelok akiwa amekaa hapo hapo, anasikia.

Kazi yangu ni viwele. Nimeshika viwele vya kila namna, vilivyojaa, vilivyokauka, vyenye ugonjwa, na mtu hawezi kuniambia mimi kipi ni kipi. Nilimtazama Namelok kifuani, juu ya kitenge alichojifunga kwa kukaza sana. Kitenge kilikuwa kimelowa mahali pawili.

Aliposimama kwenda msalani, nilihesabu hadi ishirini nikamfuata.

Alikuwa ameinamia sinki, kitenge kimeshuka kiunoni, anajikamua. Anakamua kama tunavyokamua sisi, kwa vidole viwili kutoka juu, na maziwa yalikuwa yanatoka kwa nguvu, ya njano, mazito, yale ya kwanza ambayo kwa ndama tunasema ni chanjo. Yalikuwa yanateremka moja kwa moja kwenye tundu la sinki. Alikuwa analia bila sauti. Bomba amelifungua ili watu wasisikie.

"Namelok, unafanya nini?"

Alishtuka, akajifunika. Akaniambia kwa heshima zote, kama unavyomwambia mwalimu kwamba kazi aliyokupa unaifanya.

"Bado siku mbili, Mama Mifugo. Lesian amesema ni siku saba tangu sindano. Jumatatu ndiyo nitamnyonyesha."

Ule mstari niliusoma Jumatano. Nilisimama zizini na kalamu mkononi nikausoma wote mpaka mwisho: maziwa, siku saba. Nilipiga kelele juu ya kila neno lililokuwa kwenye mstari ule, la kwanza mpaka la tano, na lile la mwisho likanipita machoni kwa sababu nilizoea kuliona. Tangu Jumatano hiyo watu wangapi wamemzunguka huyu msichana? Nesi wa zahanati, daktari, manesi wa zamu tatu, na mimi, mwenye safu. Wote tulikuwa na la kumwambia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

"Mnyonyeshe," nikamwambia. "Sasa hivi. Twende."

"Lakini wewe ulisema..."

"Nilisema kwa ng'ombe! Twende."

Nesi wa wodi alipoona maziwa yanavyotoka alikaa kitako kwenye kitanda cha jirani. Mtoto hakuwa na nguvu ya kuvuta, kwa hiyo Namelok alikamulia kwenye kikombe kidogo, na wakaanza kumpa kwa kikombe, tone kwa tone. La kwanza lilimwagika. La pili akameza. Nililiona koo lake likisogea.

Daktari Aristides aliitwa. Alisikiliza, akasema dozi moja ya namna ile haizuii mama kunyonyesha, aliyesema siku saba ni nani? Na macho yake yakaenda kwa Lesian, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaingia, saa ya kuona wagonjwa imefika, ameshika kopo jipya la maziwa ya dukani kifuani kwa mikono miwili.

"Niliyesema ni mimi," nikasema.

Safari hii nilihakikisha wodi inasikia. Nikasema mimi ndiye niliyewafundisha joshoni kwamba chupa ikipasuka wasisubiri, na mimi ndiye niliyewafundisha siku saba, na kwamba Jumatano daktari alimwita mtu huyu mjinga, nami nilijua lilikotoka neno hilo nikanyamaza. Nikasema huyu kijana katika wiki hii nzima ndiye mtu pekee aliyefanya kila alichoambiwa. Aliambiwa aende zahanati, akaenda. Aliambiwa arudi, akarudi. Aliambiwa asisubiri, hakusubiri. Sisi wenye vyeti ndio tuliokosea, na mkewe na mwanawe ndio waliolipia. Daktari alisikiliza yote. Kisha akamwendea Lesian na kumpa mkono, na akamwomba radhi kwa jina lake, jambo ambalo sikulitegemea.

Mimi bado nilikuwa na langu. Lesian alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anamtazama mwanawe akimezeshwa, kopo bado liko mapajani. Nilikaa karibu naye. Nilitaka anilaumu. Afadhali angenifokea kama nilivyomfokea mimi zizini.

"Siku mbili," akasema. "Amelala njaa siku mbili, na maziwa yalikuwepo."

"Ni kosa langu," nikasema. Halafu, kwa kuwa ulimi wangu haujawahi kukubali kosa lote kwa mara moja, nikaongeza: "Lakini, Lesian, pale joshoni nilisema pia ndama aachwe anyonye. Nilisema, ndama anyonye kama kawaida, wanaokatazwa ni watu. Hukulisikia hilo?"

"Nililisikia," akasema. "Nililiandika. Ndama anyonye, binadamu asinywe."

Akamfunika mtoto miguu, kisha akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Mwanangu ni binadamu, Mama Mifugo."